“Vizuri” Si Kipimo: Andikeni Vifaa na Kazi Kabla ya Kujenga

(Haya ni mazungumzo ya msimamizi mmoja wa ujenzi, ambaye sasa ni mzee, aliyoyatoa mbele ya wazazi na kamati ya ujenzi ya shule ya kijijini walipokuwa wakijitayarisha kujenga vyumba viwili vya kusomea. Tunayachapa kwa kuwa yatawafaa wote wanaojenga, mjini na shambani.)



Mwenyekiti ameniambia ya kuwa fedha za vyumba viwili zimekwisha patikana, mawe yamekwisha agizwa, na fundi amekwisha onekana. Nilipomwuliza karatasi ya mapatano iko wapi, alinionyesha ukurasa mmoja. Bei imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Siku ya kuanza imeandikwa, na siku ya kumaliza pia. Lakini juu ya nyumba yenyewe mna mstari mmoja tu, kwamba fundi atajenga “kwa vifaa vizuri na kazi nzuri.” Leo nimekuja kusema juu ya mstari huo. Naujua sana, maana uliwahi kuniaibisha.

Nilipokuwa kijana, nimetoka karibuni katika mafunzo ya ufundi, kamati ya shule moja ilinipa kazi ya kumwangalia fundi aliyewajengea vyumba. Karatasi yao ilikuwa kama hii yenu. Nilimwona fundi akichanganya zege kwa kukisia, sepetu hapa na sepetu pale. Nilimwona akiongeza maji kila zege lilipoanza kukauka katika karai. Niliona ringi, yaani zile pete za chuma zinazoshika nondo pamoja, zikiwa mbali mbali katika linta ya madirisha. Nikamwambia, “Fundi, ringi hizi ni chache.” Akaniuliza kwa upole, “Kijana, imeandikwa wapi ziwe ngapi?” Nilifungua karatasi. Haikuandikwa popote. Nikanyamaza.

Nyumba ikamalizika, ikapakwa rangi, ngoma ikapigwa. Mvua za mwaka wa pili zilipokuja, linta ikapinda na ufa ukapanda mpaka chini ya paa. Asubuhi moja pande la zege na jiwe lake vikaanguka juu ya madawati. Mungu ni mwema. Watoto walikuwa nje wamepanga mistari. Wazee wakamwita fundi. Naye hakukimbia, alikuja, akasoma karatasi mbele ya wote, akasema, “Mlitaka kazi nzuri. Kwa macho yangu ilikuwa nzuri.” Hapakuwa na mtu aliyeweza kumjibu. Chumba kikabomolewa, wazazi wakachangishwa mara ya pili, na watoto wakasoma chini ya mti muda wa mwaka mzima. Wengine waliouza mbuzi kwa mchango wa kwanza hawakuwa na mbuzi wa kuuza kwa mchango wa pili.

Tangu siku ile nimejua jambo moja. Neno “vizuri” si kipimo. Kila mtu ana vizuri vyake. Lisilopimika haliwezi kudaiwa, na lisiloandikwa kabla ya kazi huwa ugomvi baada ya kazi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba nayo ni mali.

JAMBO HILI SI LA SHULE MOJA

Msidhani ninawatisha kwa hadithi ya zamani. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, nyumba ya orofa iliyokuwa karibu na mto huko Huruma, Nairobi, ilianguka na watu waliokuwamo, wakafa zaidi ya 40. Septemba 2019, huko Dagoretti, katika mji huo huo, darasa la shule liliwaangukia watoto asubuhi, na baadhi yao hawakurudi nyumbani.

Serikali imeweka sheria. Sheria ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huandikisha makandarasi na kuwatambua mafundi. Ziko pia Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizochukua mahali pa kanuni za mwaka 1968. Basi jambo la kwanza ni kupeleka ramani yenu kwa maafisa wa kaunti ikubaliwe, na kuhakikisha ya kuwa mjenzi wenu ameandikishwa. Lakini sheria haikai kiwanjani kutwa nzima. Inayokaa kiwanjani kila siku ni karatasi yenu, na mtu mliyemweka kuisoma.

Wala desturi ya kupima si ya kigeni. Nendeni Lamu mkatazame nyumba za kale za mawe ya matumbawe. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Kwa nini? Kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na fundi alijua boriti inaweza kuvuka nafasi gani bila kupinda. Hakujenga chumba kipana kuliko nguvu ya boriti yake. Chokaa ilichomwa, ikalowekwa, ikaachwa iive kabla ya kutumiwa. Mafundi wale walikuwa na masharti yao ya vifaa na ya kazi, na waliyashika vichwani kwa sababu fundi, mwanawe na mjukuu walifanya kazi ile ile mahali pale pale. Sisi leo tunanunua saruji ya kiwanda, nondo za dukani, na kazi ya mtu tuliyekutana naye juzi. Kwa hiyo yatupasa tuandike.

VIFAA

Hati ya ujenzi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni vifaa, yaani kitu gani, cha namna gani, cha kadiri gani. Ya pili ni kazi, yaani kitu hicho kitatumiwaje.

Tuanze na saruji. Msiandike “saruji nzuri.” Andikeni daraja lake, ambalo limechapwa juu ya mfuko. Daraja 32.5 hutumiwa hasa kwa kujengea mawe na kupiga lipu, daraja 42.5 lafaa zaidi kwa zege la kubeba mzigo. Namba hizo zaonyesha nguvu ya saruji ikiisha kukaa siku 28. Andikeni pia ya kuwa mfuko uwe na alama ya ubora ya shirika la viwango la Kenya, uwe kilo 50 kamili, na usiwe umeshika unyevu. Saruji iliyoganda mabonge yasiyovunjika kwa vidole imekwisha kufa. Iwekwe ghalani juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta.

Mchanga nao. Mchanga wa mto ni mzuri ukiwa safi, lakini mchanga wenye tope hauishiki saruji. Kuna jaribio ambalo hata mtoto wa shule aweza kulifanya. Chukua chupa ya kioo iliyo wazi mdomoni, tia mchanga kufika nusu, ongeza maji, tikisa sana, kisha iache muda wa saa tatu. Mchanga utakaa chini na tope litakaa juu yake kama utandu. Mchanga ukiwa sentimeta 10, tope lisizidi milimeta 8 hivi. Likizidi, lori lirudi lilikotoka. Na walio pwani wasitumie mchanga wa ufukoni katika zege lenye nondo, kwa maana chumvi yake hula chuma.

Sasa nondo, ambazo ndizo huwapoteza watu wengi, kwa kuwa jicho haliwezi kutambua tofauti ndogo. Mkiandika nondo ya milimeta 12, mnaweza kuletewa nyembamba kuliko hiyo. Mtasema, milimeta moja na nusu ni kitu gani? Ndugu zangu, nondo ya 12 iliyopungua milimeta moja na nusu imepoteza karibu robo ya chuma chake. Dawa yake ni mizani. Nondo ya meta 12 yenye unene wa milimeta 12 huwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Ya milimeta 10 huwa karibu kilo 7.4, na ya milimeta 8 karibu kilo 4.7. Andikeni uzito huo katika hati, kisha chukueni mizani ile ile ya kupimia mahindi, mpime nondo chache kutoka kila mzigo mbele ya mwenye duka.

Mabati huuzwa kwa namba ya geji, na wengi hudanganyika hapa. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la 30 ni jembamba kuliko la 28. Mtu akiwaambia amewaongezea namba, amewapunguzia bati. Mbao za kenchi ziandikwe upana, unene na aina ya mti, ziwe zimekauka na zimetiwa dawa ya mchwa.

KAZI

Vifaa vyema katika mikono isiyo na sharti ni sawa na unga safi uliotiwa maji kupita kiasi: hauwi ugali. Zege ndivyo lilivyo. Kwa linta na sakafu za kawaida, wengi hutumia saruji fungu moja, mchanga mafungu mawili, kokoto mafungu manne. Lakini fungu ni nini? Kama fungu ni sepetu, sepetu ya asubuhi hujaa na sepetu ya saa kumi alasiri huwa nusu, kwa kuwa mtu amechoka. Andikeni ya kwamba kila kitu kipimwe kwa sanduku la mbao. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Sanduku lenye sentimeta 33 kwa urefu, upana na kina hulingana na mfuko mmoja kwa karibu sana. Basi mfuko mmoja, masanduku mawili ya mchanga, masanduku manne ya kokoto. Hapo mtu yeyote anayejua kuhesabu hadi nne aweza kuwa msimamizi.

Maji ndiyo adui aliyejificha. Mfuko mmoja wa saruji wataka maji kama lita 25, pamoja na unyevu uliokwisha kuwamo mchangani. Fundi hupenda kuongeza, kwa sababu zege la maji mengi hutiririka lenyewe na mkono haupati taabu. Lakini maji yaliyozidi hukauka yakaacha vitundu ndani, na zege hilo huwa dhaifu miaka yote. Zege lishindiliwe vizuri kwa mtambo au kwa fimbo ya chuma, na lililoanza kuganda lisilainishwe kwa maji na kutumiwa.

Kisha zege linyweshwe. Wengi wanafikiri zege huwa gumu kwa kukauka. Sivyo. Saruji huwa ngumu kwa kushikana na maji, na ikikaushwa na jua mapema huacha kukomaa. Basi andikeni: zege lifunikwe kwa magunia na kumwagiwa maji kwa siku zisizopungua 7. Mbao zinazoshikilia linta kwa chini zisiondolewe kabla ya siku 14, au kama mhandisi atakavyosema. Kazi hii ya kumwagia maji haina gharama kubwa, na akina mama hapa wanajua kuliko mimi jinsi maji yanavyobebwa. Yapangiwe zamu mapema.

Zege la jengo kubwa hutaka jaribio zaidi. Hujazwa katika visanduku vya chuma vya milimeta 150 kila upande, kisha mapande yake huvunjwa kwa mashini baada ya siku 7 na siku 28, na nguvu yake ikaandikwa. Mkijenga orofa, jaribio hili lisikosekane kamwe.

Nondo ziwe ndani ya zege, zisiguse mbao za nje. Katika linta, chuma kifunikwe na zege lisilopungua milimeta 25. Katika msingi, milimeta 50. Chuma kikiwa karibu na nje hupata kutu, kutu huvimba, nalo zege hupasuka. Idadi ya nondo na nafasi ya ringi iandikwe kama mhandisi alivyochora. Ile ndiyo hesabu iliyonikosa mimi siku ile.

Kuta zijengwe kwa timazi, pima maji na kamba. Mnaweza kuandika kwamba ukuta wenye kimo cha meta 3 usipotoke na timazi zaidi ya sentimeta 1, na kwamba udongo wa saruji kati ya mawe usizidi unene wa milimeta 20. Juu ya msingi liwekwe tabaka la kuzuia unyevu, ukuta usinyonye maji ya ardhini. Kenchi zifungwe kwa vyuma vilivyozamishwa katika mkanda wa zege juu ya ukuta, maana upepo hauangushi paa tu, hulibeba. Na juu ya msingi wenyewe, kama mna udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua, msikubali kipimo cha desturi. Mhandisi aje, achimbe, aone, aandike kina.

TAZAMENI KABLA HAJAFUNIKA

Hati njema bila jicho ni kama sheria bila askari. Katika ujenzi kuna vitu vinavyofunikwa, na vikisha kufunikwa havionekani tena mpaka siku ya msiba. Mtaro wa msingi hufunikwa na zege. Nondo hufunikwa na zege. Mawe hufunikwa na lipu. Kenchi hufunikwa na mabati na dari. Kwa hiyo andikeni ya kuwa hapana kitu kitakachofunikwa kabla msimamizi hajakitazama na kutia sahihi kitabuni pamoja na tarehe. Lipu laini na rangi nyeupe si ushahidi wa kitu chochote.

Malipo nayo yafuate kazi, yasiitangulie. Gaweni fedha kwa hatua: msingi, kuta hadi linta, mkanda, paa, umaliziaji. Hatua ikikubaliwa kwa sahihi, fundi alipwe siku ile ile, asizungushwe. Na ni desturi ya makandarasi kuacha sehemu ndogo ya fedha, kama sehemu ya kumi, mikononi mwa mwenye nyumba kwa miezi 6 baada ya kumaliza, ili mvua ipite juu ya paa na kasoro zionekane. Kasoro zikitengenezwa, naye hupewa iliyo yake.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Najua watakaosema, “Fundi huyu ni mtoto wetu. Kumwandikia masharti ni kumtukana.” Nawajibu hivi. Karatasi humlinda fundi mwaminifu kuliko mtu mwingine yeyote. Asiye na hati hushindana na mdanganyifu kwa bei, naye mdanganyifu hushinda siku zote, kwa maana nusu ya bei yake ni nondo ambazo hatazitia. Lakini mafundi watatu wakipewa hati moja, wote wanataja bei ya nyumba ile ile. Hapo mwaminifu ana nafasi. Na siku mjumbe wa kamati atakapotaka dirisha liongezwe bila malipo, fundi naye atafungua karatasi na kumwonyesha.

Wengine watasema, “Sisi ni maskini, mambo haya ni ya matajiri.” Mwenye mali nyingi aweza kujenga mara mbili. Ni maskini asiyeweza. Sanduku la mbao, chupa ya kioo, mizani ya mahindi, timazi, na kitabu cha mwanafunzi: hivyo ndivyo vyombo nilivyovitaja leo, na karibu vyote vimo kijijini humu. Mhandisi mtamlipa, naam, lakini ujira wake ni mdogo kuliko wa kuvunja ukuta mmoja na kuusimamisha tena.

Wa mwisho watasema, “Tumekwisha chelewa, fundi anaanza Jumatatu.” Basi aanze Jumatatu ya pili. Watoto waliokaa chini ya mti miaka mitatu watavumilia juma moja.

Bwana Mwenyekiti, nimeleta hati niliyoiandika kwa Kiswahili, kurasa nne. Sipendi mwitie sahihi leo. Isomeni kwa sauti barazani, mstari kwa mstari, na fundi mwenyewe awepo. Anapoona sharti halifai, aseme sababu, libadilishwe mbele ya watu wote. Likikubaliwa, liwe sheria ya kiwanja. Kisha chagueni watu wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, wawe na funguo za ghala na kitabu cha sahihi. Ningependa mmoja wao awe mama mwenye mtoto katika darasa hilo.

Mimi nilinyamaza mara moja kwa sababu karatasi haikuwa na neno la kunisaidia. Kijana mtakayemweka hapa asiachwe kama nilivyoachwa mimi. Fundi akimwuliza, “Imeandikwa wapi?” awe na ukurasa wa kumfungulia.

Nimekwisha. Kama kuna maswali, nipo.